Majibu ya Clemence

Jumapili moja, watu wa Mbinga mjini wakitoka misa ya pili, Iddy Mbwambo aliandika ujumbe kwenye kundi la wafugaji wa mbuna: "Ndugu zangu, ile mada yangu ya mbuna wanaouana nitaifuta Jumamosi. Mwenye kitu anachokipenda humo akichukue mapema. Naomba msinielewe vibaya."

Mwalimu Gaudiosa Ndunguru aliusoma ujumbe huo akiwa hajavua hata viatu vya kanisani. Aliusoma tena, kisha akaketi kwenye kochi lililoelekea tangi lake la kioo, ambamo samaki wake walikuwa wakizunguka mawe kama kawaida yao, wakifukuzana.

Mbuna ni samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa. Ufukweni hakuna anayewahangaikia sana, kwa sababu hawajazi sahani kama mbasa wala hawaanikwi kwa wingi kama usipa. Lakini wana rangi ambazo mtu akiziona mara ya kwanza hudhani zimepakwa, na wapo watu wanaowafuga sebuleni kwa kupenda tu kuwatazama. Kundi lao mtandaoni lilianzishwa na Isidori Kapinga, mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Mwanzoni lilikuwa na watu wachache wa Mbinga na Mbamba Bay waliojuana kwa sura. Baadaye waliingia watu wa Songea, wa Kyela, wa Dar es Salaam, na wengine ambao hakuna aliyejua wako wapi.

Iddy, ofisa mifugo aliyehamishiwa Mbinga kutoka Korogwe, alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo. Mada yake ilianza na mstari mmoja: "Jamani, kwa nini mbuna wangu wanauana?" Chini ya mstari huo watu waliandika kwa miaka. Walijibu, wakabishana, wakataniana, wakaweka picha za matangi yao na za watoto wao. Ikafika mahali kwamba mgeni akiuliza lolote kundini, huambiwa: nenda kasome mada ya Iddy, kila kitu kimo humo.

Na humo ndimo Gaudiosa alimopata mume.

Alikuwa bado binti wa watu, mwalimu mgeni kazini, ana tangi moja dogo. Aliuliza chini ya mada ile: "Mbuna wangu jike hali, na mdomo umevimba. Anaumwa? Nimpe dawa gani?" Jibu lilitoka kwa mtu asiyemjua, Clemence, ofisa wa forodha bandarini Mbamba Bay, Mnyasa wa huko huko ufukweni: "Haumwi, mwalimu. Amebeba watoto mdomoni. Mwache apumzike, na wewe upumzike." Gaudiosa alicheka peke yake. Akauliza jingine hapo hapo chini yake. Naye akajibiwa. Watu wengine walikuwa wakipita na kuweka vikatuni vya kucheka, wakaanza kuwatania wazi wazi, Iddy akiwa wa kwanza: "Nyie wawili, hii mada ni ya samaki."

Siku moja, chini ya swali lile lile, Gaudiosa aliuliza mbuna wazuri kuliko wote wanakaa wapi. Clemence alimwandikia jibu refu. Alimweleza kwamba ukitoka Mbamba Bay kuelekea kusini utaona mawe mawili yamesimama majini kama ndugu waliokosana, kila mmoja ameangalia kwake, na watu huyaita Mapacha. Usipite upande wa nje, mawimbi yatakuonea. Pita katikati. Mahali ambapo jiwe la kushoto limepasuka, zama chini ya huo ufa, subiri macho yazoee giza. Hapo utaona mbuna mweusi mwenye mabega ya rangi ya chungwa. "Nimezama mawe yote ya ukanda huu tangu nikiwa mtoto," aliandika, "sijamwona pengine. Njoo nikuonyeshe." Akaongeza majibu mengine chini yake: asubuhi gani maji huwa meupe, mtumbwi ufungwe wapi, wakati gani samaki hao hutoka ufani kula.

Gaudiosa alikwenda. Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Walikaa pamoja miaka michache tu. Clemence alikufa kwenye kona za barabara inayoteremka ziwani, siku ya mvua na ukungu, pikipiki ilipoteleza. Simu yake ilisagika pamoja na pikipiki. Picha zilikuwepo, nguo zilikuwepo, miwani yake ya kuzamia ilikuwepo. Lakini namna yake ya kusema, ule utani wake wa polepole, ulibaki sehemu moja tu: chini ya swali la Gaudiosa, ndani ya mada ya Iddy.

Jioni ya Jumapili ile Gaudiosa alikwenda nyumbani kwa Iddy. Alimkuta barazani akimsafisha mbuzi mmoja kidonda.

"Karibu, mwalimu. Nilijua utakuja."

"Habari za hapa, Kaka Iddy."

"Nzuri. Keti."

Hakuketi. "Kwa nini unafuta?"

Iddy alinawa mikono, akaifuta kwa suruali. "Nimekuwa nikipigiwa simu na watu nisiowajua. Mtu anayefuga huniuliza samaki anakula nini, maji yabadilishwe lini. Hawa hawaulizi hayo. Wananiuliza: yale mawe, gari linafika? Boti inaegeshwa wapi? Wengine wamejiunga kundini juzi, hawana hata picha, hawajasema salamu, wamekwenda moja kwa moja kwenye majibu ya marehemu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna watu huwachota samaki hawa na kuwauza nje. Mbuna wa mabega ya chungwa yuko jiwe moja tu, mwalimu. Clemence mwenyewe amesema. Wakija na nyavu zao, ni kazi ya siku chache."

Iddy alishusha sauti.

"Kuna njia nyingine. Majibu yanayoeleza njia yapo chini ya swali lako. Ukilifuta swali lako, yanaondoka nalo. Ukifanya hivyo, mimi nitaiacha mada yote iliyobaki. Sikutaka kuyagusa bila kukwambia."

"Unaniambia nimfute mume wangu."

"Sijasema hivyo."

"Ndicho ulichosema."

"Piga skrinshoti, dada yangu. Yahifadhi yote kwako, hakuna atakayekunyang'anya."

"Kule bado anajibu watu," Gaudiosa alisema. "Wiki iliyopita mtu wa Kyela ameuliza, akaelekezwa kwake, akaandika 'asante sana kaka Clemence'. Hajui hata kama amekufa. Nikikaa na picha kwenye simu yangu, nani atamwambia asante?"

Iddy alimgeukia. "Alikuandikia wewe, mbele ya watu wachache tuliokuwa tunajuana. Leo tuko maelfu. Sidhani kama angeandika vile leo."

"Usimsemee, Kaka Iddy. Tafadhali. Wewe umeandika mstari mmoja tu humo. Mstari mmoja! Mengine yote ni ya watu."

"Ni kweli," alisema Iddy. "Lakini mimi ndiye ninayepigiwa simu."

Kesho yake, baada ya vipindi, Gaudiosa alikwenda dukani kwa Isidori. Isidori alikuwa rafiki wa Clemence tangu shule, na alikuwa bado akimwita Gaudiosa shemeji. Duka lilikuwa limepanuka. Upande mmoja ni simu na chaja, upande mwingine sasa kulikuwa na matangi ya kioo, pampu za hewa na vyakula vya samaki, kwa sababu wanachama wa kundi walikuwa wakiagiza kwake.

"Shemeji, usilie," Isidori alisema kabla hata Gaudiosa hajamaliza kueleza. "Huyu Iddy anadhani mada ni mbuzi wake, anaweza kumchinja akitaka. Hapana. Mtu akianzisha mazungumzo, watu wakaja, wakakaa, wakasema ya mioyoni mwao, hayo si yake tena. Ni ya wote."

"Lakini si anaweza kufuta tu?"

"Akiwa ndani anaweza. Akiwa nje hawezi."

Gaudiosa alielewa maana yake. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno. Angeweza kusema kwamba Iddy hakuwa mtu mbaya, kwamba alikuwa na hofu yake na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Angeweza kusema juu ya zile simu. Hakusema. Alimtazama Isidori akichukua simu yake, akipapasa kidogo kwa kidole gumba, kisha akiiweka kifudifudi juu ya kaunta.

"Basi. Imekwisha."

Iddy Mbwambo, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa kundi lile, alikuwa ametolewa, na mlango umefungwa nyuma yake. Isidori aliandika tangazo kwamba hakuna mwanachama atakayeruhusiwa kuharibu mali ya wenzake. Wengi walishangilia. Siku chache baadaye aliibandika ile mada juu kabisa ya kundi, mahali ambapo kila anayeingia huiona kwanza, akaweka na picha ya Clemence akiwa amevaa miwani ya kuzamia kichwani, anacheka. Chini yake aliandika: "Kwa kumbukumbu ya mwalimu wetu wa mawe."

Iddy alimtumia Gaudiosa ujumbe mfupi: "Nimetolewa. Sina kinyongo na wewe. Ila naomba uyaangalie yale majibu." Gaudiosa hakujibu. Hakujua angejibu nini, na siku zilivyopita ikawa vigumu zaidi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kwake, kwa namna ambayo angeona aibu kuisema mbele ya watu. Kila siku alifungua simu akakuta mtu mpya amemsifu mumewe. Wengine walimwomba Mungu amlaze pema. Wengine waliuliza, na wazoefu wakawajibu kwa maneno ya Clemence. Mwalimu mwenzake, Stella, aliyekaa naye dawati moja ofisini, alimwambia: "Mume wako amekuwa mtu maarufu, mama." Gaudiosa alitabasamu kutwa nzima.

Ilipofika likizo ya katikati ya mwaka alikwenda Mkumbi kwa baba yake kusaidia kuvuna kahawa. Alikuwa shambani, kapu limefungwa kiunoni, mikono imechafuka, simu ilipoita. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Hildegardi, aliyeishi ufukweni jirani na Mbamba Bay.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Niko Mkumbi, mama, kwa baba."

"Nimekupigia kwa sababu wewe ni msomi. Kuna watu huku na boti. Wako kwenye yale Mapacha ya Clemence, leo siku ya nne. Wanazama na mipira mdomoni, mashine inanguruma kwenye boti. Tunauliza wanatafuta nini, wanasema mbuna. Mbuna wa nini? Wangekuwa wanatafuta mbasa ningeelewa."

Gaudiosa aliliweka kapu chini. Alimuaga baba yake bila kumwambia sababu. Alifika Mbinga, akapanda gari la kuteremka ziwani, na kwenye kona aliyofia mumewe, ambapo siku zote alitazama nje, safari hii hakutazama.

Alipofika ufukweni aliwakuta wale watu wakifungasha. Mifuko ya plastiki iliyojaa maji na hewa ilikuwa imepangwa mchangani, na katika kila mfuko kulikuwa na samaki weusi wadogo, mabega yao yakiwaka chungwa juani. Wengine walikuwa wakiipakia kwenye maboksi meupe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha kuonyeshwa kibali chao. Kibali kilisema samaki wa mapambo. Hakikusema wa jiwe lipi.

Aliyekuwa anasimamia ni kijana mtanashati, mpole, mwenye miwani ya jua shingoni. Alimsalimia vizuri.

"Shikamoo, mama. Unawapenda mbuna?"

"Mmejuaje kama wako hapa?" Gaudiosa aliuliza.

"Aa, hilo halikuwa kazi." Alitoa simu mfukoni, akamwonyesha. Ilikuwa ni picha ya skrini. Gaudiosa hakuhitaji kuisoma. "Yuko bwana mmoja alieleza vizuri sana. Pita katikati, ufa wa kushoto, subiri macho yazoee. Hatukupotea hata kidogo. Tungekuwa na watu kumi kama huyu tungemaliza ziwa lote."

Alicheka kwa moyo mweupe kabisa.

"Huyo ni mume wangu," Gaudiosa alisema. "Amefariki."

Kijana aliacha kucheka. "Pole sana, mama. Mungu amrehemu." Kisha, kwa sababu alikuwa na adabu na hakuona kitu kingine cha kusema, aliongeza: "Ametusaidia mno."

Shemeji yake Bernadi, mdogo wa Clemence, alimpeleka Mapacha kwa mtumbwi boti ile ilipoondoka. Gaudiosa alivaa miwani ya mumewe, akashuka majini akiwa na kanga yake. Alipita katikati. Alizama chini ya ufa wa kushoto, akasubiri macho yazoee giza, kama alivyofundishwa. Walikuwepo mbuna wa bluu, wale wa kila jiwe. Walikuwepo konokono. Kipande cha wavu mwembamba kilikuwa kimenasa kwenye ncha ya jiwe kikichezacheza. Alipanda juu kuvuta pumzi, akazama tena, na tena, mpaka Bernadi akamshika mkono akamvutia mtumbwini.

"Hawapo?"

"Hawapo."

Mama Hildegardi alikuwa akiwasubiri ufukweni. "Nani aliwaambia hawa watu?" aliuliza. "Clemence alikuwa hapeleki mtu yeyote pale, isipokuwa wewe."

"Sijui, mama," alisema Gaudiosa.

Alirudi Mbinga moja kwa moja mpaka dukani kwa Isidori. Aliingia akiwa na maneno tayari, lakini aliyasahau mlangoni. Kwenye tangi la mbele, lile la kuvutia wateja, kulikuwa na samaki wawili weusi wenye mabega ya chungwa.

"Umewanunua," alisema.

"Karibu, shemeji. Ndiyo, nimepata jozi." Isidori hakuona haya. "Nimesikia wamechukuliwa wengi. Nikasema angalau hapa Mbinga wabaki wawili, kizazi kisipotee. Si ndiyo mapenzi ya Clemence?"

"Futa ile mada, Kaka Isidori."

"Mada ipi?"

"Unaijua. Pengine wamebaki wachache ndani kabisa ya ufa, sijui. Lakini watakuja wengine, kila kitu kimeandikwa pale juu kabisa na picha yake anacheka. Ifute. Au futa majibu ya njia peke yake."

Isidori alivuta kiti, akamkalisha. Alizungumza naye kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Wewe ulikuja hapa ukilia kwamba mtu mmoja hana haki ya kufuta maneno ya watu. Nikakuunga mkono. Nikamtoa rafiki yangu kwa ajili yako. Leo mtu mmoja ni wewe, unataka nifute maneno ya watu?"

"Ni maneno ya mume wangu."

"Alikuwa mwanachama. Ameandika kundini. Watu maelfu wanakuja kwa ajili ya mada ile, shemeji. Ndiyo kundi lenyewe. Nikiifuta, nitawaambia nini?"

"Waambie samaki wamekwisha."

"Wamekwisha, basi kufuta kutasaidia nini?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila neno alilosema Isidori alikuwa amelisema yeye mwenyewe barazani kwa Iddy, na alikuwa ameliamini.

Alimpigia Iddy. Simu iliita muda mrefu.

"Kaka Iddy, ni mimi. Gaudiosa."

"Nakusikia, mwalimu."

"Wamekuja."

"Nimesikia."

Alingoja amlaumu. Iddy hakumlaumu, na hilo halikumpunguzia kitu. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya watoto wakicheza.

"Nimemwomba Isidori, amekataa," alisema. "Nikasema labda wewe utajua la kufanya."

"Mimi si mwanachama," Iddy alisema. "Nimeuza na matangi yangu. Lakini swali lako bado ni lako. Hilo unaweza kulifuta bila kumwomba mtu. Ila unajua litaondoka na nini."

"Najua."

"Basi, mwalimu. Msalimie mama mkwe."

Shule zilipofunguliwa, siku ya kwanza wakati wa mapumziko, walimu wenzake wakiwa wanakunywa chai, Gaudiosa aliketi kwenye dawati lake akayasoma majibu yote toka juu mpaka chini. Alipiga skrinshoti moja moja. Alisoma ule utani wa Iddy, vile vikatuni vya watu, lile neno "njoo nikuonyeshe". Kisha alirudi juu kwenye swali lake mwenyewe la mbuna aliyevimba mdomo, akalibonyeza kwa muda mrefu, na simu ikamuuliza kama ana hakika.

Alibonyeza ndiyo.

Ukurasa uliruka kidogo, ukatulia. Kilichokuwa juu ya swali lake na kilichokuwa chini yake vilisogeleana vikagusana, kama vile hapakuwa na kitu hapo katikati. Stella alimuuliza kama anataka sukari. Akasema ndiyo, ingawa hakuwa anatumia sukari.

Isidori aligundua siku hiyo hiyo. Alimpigia akafoka, akisahau neno shemeji. Halafu akaandika kundini kwamba mke wa marehemu amefuta hazina ya wanachama bila idhini. Watu ambao hawajawahi kumwona walimwandika vibaya. Mmoja alisema ana wivu hata na mumewe aliyekufa. Mwingine aliuliza nani alimpa mamlaka. Yule wa Kyela, aliyesema asante, aliandika kwamba watu wabinafsi ndio wanaoirudisha nchi nyuma. Gaudiosa alianza kuandika habari za ufa na wavu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kabla hajatuma, kundi lilitoweka kwenye simu yake. Naye alikuwa ametolewa.

Wiki mbili hivi baadaye Stella alimsogezea simu yake ofisini. "Haya si maneno ya shemeji?"

Yalikuwa ni maneno ya Clemence, yote, toka Mbamba Bay mpaka ufa wa kushoto. Mtu fulani alikuwa ameyahifadhi, sasa ameyabandika upya kundini kama mada yake. Jina la Clemence halikuwepo. Mtu huyo hata hakuwa makini, maana katikati ya maelezo aliacha neno "mwalimu" mahali ambapo halikuwa na maana yoyote kwa msomaji. Chini yake watu walikuwa wakimshukuru. Isidori mwenyewe alikuwa ameandika: "Safi sana. Hii ndiyo roho ya kundi." Na alikuwa ameibandika juu.

"Tumwandikie," Stella alisema. "Nitamwandikia mimi, bado nimo."

"Acha," Gaudiosa alisema.

"Kwa nini niache? Ni wizi huu."

"Yeye ndiye mwenye mada sasa. Ataifuta akipenda."

Zile skrinshoti alikuwa nazo. Alizihamishia hata kwenye kadi ya kumbukumbu ili zisipotee. Lakini alipojaribu kuzisoma aligundua kwamba hawezi. Kila alipofika kwenye ufa alimsikia yule kijana mpole akisema hatukupotea hata kidogo, kwa sauti ile ile ya furaha, na sauti ya Clemence haikuja.

Mwezi wa tisa, siku ya mapumziko, aliteremka ziwani. Mama Hildegardi alikuwa nje akianika usipa kwenye vichanja. Gaudiosa alimwamkia, akaweka mkoba chini, na kabla hajakaribishwa ndani alisema alichokuja kusema.

"Mama, siku ile uliniuliza nani aliwaambia wale watu. Nilikudanganya."

Mama Hildegardi aliendelea kutawanya samaki kwa viganja.

"Ni Clemence mwenyewe. Aliniandikia mimi zamani, mtandaoni, kabla hajanioa. Maneno yake yalibaki pale. Mtu alitaka kuyafuta mapema, mimi nikamzuia. Akafukuzwa kundini kwa sababu yangu."

"Kwa nini ulimzuia?"

"Nilitaka watu waendelee kumsoma."

Mama mkwe alinyoosha mgongo. Alitazama ziwani, upande ambao Mapacha yalionekana kwa mbali, kisha akamtazama yeye. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na Gaudiosa angetamani iwepo.

"Wamemsoma," alisema.

Akainama tena kwenye kichanja. Baada ya muda alimwonyesha kwa kidevu beseni lililobaki, na Gaudiosa akavua saa, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kuanika upande wa pili.